Uzi: Kujenga nyumba ya biskuti ya tangawizi na familia, kuanzia donge hadi paa

FundiTanuri

Wakuu, kila Desemba ikikaribia maswali ya nyumba ya biskuti ya tangawizi yanatapakaa kwenye nyuzi za keki: huyu anauliza aisingi (ile sukari laini ya kugandishia na kupambia) kule, yule anauliza unga huku. Tuyakusanye hapa. Naanza na donge, ramani na uokaji. Wenye ujuzi wa viungo, aisingi na mapambo mtapokea.

Biskuti ya kujengea si ile ya kunywea chai. Ya chai tunataka ivimbe kidogo na ilainike mdomoni. Ya kujengea tunataka itoke tanurini na ukubwa uleule iliokatwa, iwe bapa, kavu na ngumu. Nyumba nyingi zinazoanguka kosa lake liko kwenye donge, ingawa lawama huwa inakwenda kwa aisingi.

Vipimo vya nyumba moja ya familia:

Unga wa ngano wa kawaida gramu 600, na mwingine kidogo wa kusukumia
Siagi gramu 150
Sukari ya kahawia gramu 150
Sirapu nzito ya sukari gramu 200
Yai 1
Tangawizi ya unga vijiko vya chai 3
Mdalasini wa unga vijiko vya chai 2
Karafuu ya unga nusu kijiko cha chai
Kungumanga robo kijiko cha chai
Chumvi nusu kijiko cha chai

Hakuna bekingi pauda, hakuna bikaboneti. Hivyo ndivyo vinavyofanya ukuta uvimbe, kona zipinde na mlango uzibe. Soma pia mfuko wa unga: ule unaoumuka wenyewe tayari umechanganywa na bekingi pauda, usiutumie hapa hata kama ndio uliopo kabatini.

Weka siagi, sukari, sirapu na viungo kwenye sufuria, moto mdogo, koroga mpaka sukari iyeyuke. Isichemke. Epua, acha ipoe mpaka uweze kuigusa kwa kidole bila kuunguzwa, ndipo uvunje yai ndani na ukoroge upesi. Ukiweka yai kwenye mchanganyiko wa moto litaiva humohumo na kukuachia vipande vyeupe. Kisha unga na chumvi, kwa mafungu matatu, ukikanda.

Hapa wengi wanateleza: donge likiwa bado vuguvugu huwa laini na linanata, mtu anaogopa anaongeza unga. Usiongeze. Siagi ikiganda donge litakaza lenyewe. Ukiongeza unga sasa, kesho litapasukapasuka ukilisukuma. Lifunge kwa nailoni likiwa bapa, si mviringo, ulilaze kwenye friji saa 2 au zaidi. Siku 3 linakaa bila shida. Kabla ya kusukuma litoe nje dakika 20 hadi 30.

FundiTanuri

Ramani. Chora kwenye karatasi ngumu, hata boksi la nafaka linafaa, kwa rula na kwa kitu chenye pembe mraba.

Ukuta wa mbele na wa nyuma: upana sm 14, pande zinapanda sm 10, halafu katikati kilele kinafika sm 17 kutoka chini. Kuta za ubavu mbili: urefu sm 16, kimo sm 10. Vipande vya paa viwili, vyote urefu wa sm 20, lakini kimoja kina upana wa sm 12 na kingine sm 12.6.

Hiyo tofauti ya milimita 6 si kosa la uandishi. Kilele kimepanda sm 7 juu ya nusu ya upana, ambayo nayo ni sm 7, kwa hiyo mteremko ni nyuzi 45 na vipande viwili vya paa vinakutana juu kwa pembe mraba. Kimoja lazima kilale juu ya ukingo wa mwenzake, na unene wa biskuti ni milimita 6. Ukikata vyote sawa, upenu wa upande mmoja utakuwa mfupi kuliko wa pili. Nyuzi 45 pia ndio mteremko unaosamehe: paa kali zaidi ya hapo huteleza kabla aisingi haijashika.

Kuta za ubavu zinakaa KATIKATI ya ukuta wa mbele na wa nyuma, si nje yake. Jumla ya urefu wa nyumba inakuwa sm 16 na unene wa kuta mbili, yaani sm 17.2, na paa la sm 20 linabakiza upenu wa sm 1.4 kila upande.

Kata milango na madirisha kabla ya kuoka. Kipande cha mlango kioke pembeni, kitagandishwa kikiwa wazi kidogo.

MamaPacha

Ahsante mkuu. Donge la vipimo hivyo linatosha kweli? Na watoto wakitaka kila mmoja nyumba yake je?

FundiTanuri

Linatosha na linabaki, dada. Kuta na paa kwa pamoja ni kama sentimita za mraba 1,190. Kwa unene wa milimita 6 ni sentimita za ujazo 710 hivi, karibu gramu 900 za donge. Vipimo nilivyotoa vinazaa zaidi ya kilo 1.1. Kinachobaki ni cha dohani, miti, watu, na vipande viwili vya ziada vya kujaribia oveni. Oka hivyo vya kujaribia kwanza.

Kwa nyumba ndogo ndogo: mbele na nyuma upana sm 8, pande sm 6, kilele sm 10. Ubavu sm 9 kwa 6. Paa sm 12 kwa 7, na la pili sm 12 kwa 7.5. Unene milimita 5. Donge lilelile linatoa nyumba 4, ukikusanya masalia na kuyasukuma tena. Masalia yaliyosukumwa mara ya pili huwa magumu na hujivuta, kwa hiyo yatumie kwenye paa, usiyatumie kwenye kuta zenye madirisha.

BiKarafuu

Niongezee kwenye viungo, maana hapa ndipo sisi tuna neema. Karafuu ya Pemba ikisagwa siku hiyohiyo ina nguvu mara dufu ya ile ya kopo iliyokaa rafuni, kwa hiyo nusu kijiko alichosema FundiTanuri ni cha ile ya kopo. Ukisaga mwenyewe, robo kijiko inatosha. Karafuu ikizidi haileti utamu, inaleta ganzi ya ulimi, na watoto wataiacha.

Tangawizi iwe kavu ya unga. Mbichi ina maji na nyuzi: maji yanalainisha donge, nyuzi zinakwama kwenye kisu ukikata dirisha. Kama huna ya unga, kata mbichi vipande vyembamba kabisa, anika juani mpaka vikatike kwa sauti, halafu saga na uchekeche.

Njia ya mkato inayokubalika ni masala ya chai, vijiko vya chai 5 badala ya viungo vyote. Ina tangawizi, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga, na hivyo vyote ni vya asili ya biskuti hizi. Wafini wanatia iliki, na Waswidi wenyewe wanaziita jina lenye pilipili ndani yake. Masala ya pilau hapana, yana bizari nyembamba.

Sirapu ikikosekana, chukua sukari guru gramu 170 na maji mililita 60, chemsha iyeyuke, chuja kwa kitambaa kwa sababu mara nyingi ina mchanga na mabua, kisha pika tena mpaka uzito ubaki gramu 200. Ladha yake ni nzuri kuliko sirapu ya dukani. Ile molasi inayouzwa kwa madumu kwa ajili ya ng'ombe msiiguse, haikuandaliwa kwa chakula cha watu.

Pwani_Jikoni

Naomba niseme neno kuhusu asali, kwa sababu resipe nyingi za Ujerumani zinaitaka. Bara na ughaibuni itumieni. Mombasa, Tanga, Dar na visiwani, iacheni kabisa kwenye nyumba. Asali inavuta unyevu kutoka hewani. Biskuti ya asali iliyotoka tanurini ikilia kama kigae, siku ya pili Dar inapinda chini ya uzito wa paa lake. Wajerumani wanaipenda kwa sababu hiyohiyo, wanataka biskuti ya kula ilainike. Sisi tunataka kinyume.

Tahadhari nyingine ya pwani: usipunguze muda wa kuoka kwa kuogopa rangi. Oka kama kawaida, halafu shusha moto hadi nyuzi 110 au 120 za Selsiasi, rudisha vipande vyote dakika 20 hadi 30 vikauke mpaka katikati. Vikishapoa viingie moja kwa moja kwenye ndoo au boksi lenye mfuniko mzuri, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vikiwa vimefungwa pembeni visiguse chakula wala kufikiwa na mtoto. Friji usiitumie. Kipande kikitoka kwenye baridi, hewa ya nje inageuka maji juu yake.

JikoLaMkaa

Wengine hatuna oveni, tuna jiko la mkaa na sufuria kubwa. Inawezekana?

FundiTanuri

Inawezekana kwa ile nyumba ndogo, na inatoka vizuri. Tandaza mchanga mkavu uliochekechwa sm 3 chini ya sufuria nzito, weka mawe matatu yaliyolingana kimo, juu yake trei bapa. Funika, moto chini na makaa juu ya mfuniko, subiri dakika 15.

Kujua joto bila kipimajoto: nyunyiza kijiko cha chai cha unga kwenye kipande cha foili, weka ndani, funika dakika 5. Ukitoka na rangi ya dhahabu, joto ni la kiasi na ndilo tunalolitaka. Ukitoka mweusi, punguza makaa ya CHINI kwanza. Ukibaki mweupe, ongeza ya juu.

Oka kipande kimoja kimoja au viwili, dakika 18 hadi 25. Usifunue kila mara, kila ukifunua joto linakimbia. Chini ikiwahi kuungua, weka trei ya pili tupu chini ya ya kwanza. Hiyo ya trei mbili inasaidia pia kwenye oveni za gesi zenye moto wa chini tu.

Na kwa wenye oveni, kabla sijasahau: nyuzi 175, dakika 12 hadi 18 kutegemea ukubwa wa kipande. Kuta za ubavu huwahi kuiva kuliko paa, kwa hiyo usichanganye vipande vikubwa na vidogo kwenye trei moja.

Sukuma donge JUU ya karatasi ya kuokea. Weka vijiti viwili vya unene wa milimita 6 kushoto na kulia, mti wa kusukumia upande juu yake, unene utalingana wenyewe. Laza ramani, kata kwa kisu kirefu kwa kukandamiza, usikokote, au tumia kisu cha gurudumu cha kukatia piza. Kisha ondoa masalia, kipande kibaki palepale, na karatasi yote ihamie kwenye trei. Ukikinyanyua kipande kibichi kwa mikono kimeshavutika, na ukuta uliovutika hauwezi kukutana na mwenzake.

Kikitoka tanurini bado ni laini kwa dakika 2 au 3. Hapohapo weka ramani juu yake tena na upunguze kilichozidi. Ikipita hapo kimeganda, na ukikikata kinapasuka.

MamaPacha

Kipande kikitoka kimepinda, ndio basi?

FundiTanuri

Hapana. Kirudishe nyuzi 150 dakika 5, kitalegea. Kitoe, kilaze mezani, weka juu yake ubao bapa na kitu kizito mpaka kipoe kabisa. Ukingo usionyooka usugue kwa kikwaruzo cha karoti, upande wa matundu madogo, taratibu, kuelekea upande mmoja. Kazi hiyo watoto wa miaka 8 na kuendelea wanaiweza na wanaipenda.

Kilichovunjika vipande viwili pia kinaokolewa: kiunge kwa aisingi, kwa nyuma bandika kipande chembamba cha biskuti kupita juu ya ufa, kiache usiku mzima. Kwa mbele utapaficha kwa pambo.

Kaskazini_SE

Salamu kutoka Uswidi. Nichukue aisingi na gundi, wakuu.

Aisingi ya ute wa yai: ute 1, ambao ni gramu 30 hadi 35, sukari ya aisingi iliyochekechwa gramu 220, maji ya ndimu nusu kijiko cha chai. Kwa kujenga ile nyumba kubwa tayarisha ute 2 na sukari gramu 450. Kwa mapambo tengeneza nyingine baadaye, usitengeneze yote kwa mpigo.

Bakuli liwe la chuma au kioo na lisiwe na hata chembe ya mafuta. Futa kwa kipande cha ndimu kabla ya kuanza. Plastiki inabaki na mafuta hata baada ya kuoshwa, na mafuta, au tone la kiini, yanauzuia ute kushika hewa. Piga ute kidogo ufanye povu, tia sukari kidogo kidogo, kisha piga dakika 5 hadi 7 mpaka iwe nyeupe isiyong'aa. Inua mchapo wa kupigia: ncha ya aisingi ikisimama wima bila kuinama, hiyo ndiyo ya kujengea. Ikiinama, ongeza sukari kijiko kimoja kimoja cha chakula. Aisingi inayoinama ni ya kupambia. Ukiijengea, ukuta utateleza mbele ya macho yako.

Funika bakuli kwa kitambaa kibichi muda wote. Huku ughaibuni msimu wa baridi nyumba zina joto la mashine na hewa kavu, aisingi inaganda kwenye ncha ya mfuko ndani ya dakika chache. Simamisha mfuko kwenye glasi yenye kitambaa cha maji chini.

Ute mbichi kwa watoto wadogo, wajawazito na wazee una hatari ya salmonela. Kuna njia mbili. Ute wa unga wa paketi, ukifuata vipimo vya paketi. Au weka ute na sehemu ya ile sukari kwenye bakuli juu ya mvuke wa maji, koroga bila kuacha mpaka kipimajoto kisome nyuzi 71, kisha endelea kupiga na sukari iliyobaki. Kama nyumba ni ya pambo na haitaliwa, bado watoto watalamba vidole, kwa hiyo msipuuzie.

BiKarafuu

Na ile gundi ya sukari iliyoyeyushwa je? Nasikia ndiyo mnayotumia huko.

Kaskazini_SE

Ndiyo, Bi Karafuu, nyumba nyingi za Uswidi zinaungwa hivyo. Sukari gramu 200 kwenye kikaango kipana kikavu, moto wa wastani, usikoroge, tikisa tu mpaka iwe rangi ya kaharabu. Unachovya ukingo wa ukuta, unaubandika, unahesabu mpaka kumi, umeshika. Faida yake ni hiyo kasi: nyumba inasimama ndani ya robo saa.

Hasara zake mbili. Ya kwanza ni joto: hiyo sukari iko karibu nyuzi 170 na inanata kwenye ngozi, kwa hiyo maji ya moto yana nafuu. Ni kazi ya mtu mzima peke yake, watoto wawe upande wa pili wa meza, na beseni la maji baridi liwe karibu. Ya pili, haikupi nafasi ya kusahihisha. Ukuta ukiubandika upogo, umebaki upogo. Kwa ujenzi wa familia napendekeza aisingi, na sukari ya moto ibaki kwa paa tu kama mna haraka.

Pwani_Jikoni

Kwa pwani niongeze: sukari iliyoyeyushwa nayo inavuta unyevu, baada ya siku moja inaanza kutoa jasho. Mkiitumia, ifunikeni yote kwa aisingi nje na ndani. Na muda wa kukauka mliosoma kwenye resipe za Ulaya usiuamini. Ulaya wanasema saa 2 kati ya kuta na paa. Huku mpe usiku mzima, feni ikizunguka kwa mbali.

FundiTanuri

Kusimamisha sasa. Msingi uwe ubao wa sm 30 kwa 35, umefunikwa foili. Boksi linapinda ukilinyanyua, na kila likipinda viungio vinapasuka. Chora kwenye foili mstatili wa sm 14 kwa 17.2 kwa kalamu, huo ndio mstari wa nje wa kuta.

Ukuta wa nyuma kwanza na ubavu mmoja, kwa pamoja, zikitengeneza L. Aisingi nene chini ya ukuta na kwenye ukingo unaogusana. Egemeza makopo mawili ya nyanya nje na ndani. Halafu ubavu wa pili, halafu mbele. Pitisha aisingi tena kwenye kona zote kwa NDANI. Hiyo haionekani lakini ndiyo inayobeba. Pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari: namba mbili zikilingana, nyumba ni mraba. Zikipishana hata nusu sentimita, sogeza sasa hivi, kwa sababu paa litakukatalia.

Kuta zikauke kabla ya paa. Ukigusa aisingi kwa ukucha na haibonyei, endelea.

Paa: paka aisingi kwenye kingo zote za juu, weka kile kipande cha sm 12 kwanza, ukingo wake wa juu ukigota kwenye kilele. Mtu mmoja akishikilie. Kisha cha sm 12.6 kilale juu ya ukingo wake. Ndani kuna uwazi mdogo kati ya paa na ukuta wa ubavu, kwa sababu ukuta umekatwa mraba na paa limelala mshazari. Ujaze kwa aisingi nene unapopaka kingo, kabla paa halijakaa. Weka makopo chini ya upenu, pande zote mbili, yazuie kuteleza.

MamaPacha

Watoto wangepamba lini? Maana kusubiri usiku mzima mara mbili ni mtihani.

BiKarafuu

Kuta zipambwe zikiwa zimelala, kabla ya kusimamishwa. Kila mtoto apewe ukuta wake mezani, na pambo halitelezi kwa sababu kipande kimelala. Achieni sm 1 tupu kila ukingo kwa ajili ya kuungia. Hivyo siku ya kuoka ina kazi, siku ya pili ni kupamba kuta, ya tatu kusimamisha, ya nne paa na bustani. Hakuna anayesubiri mikono mitupu.

Wa miaka 3 hadi 5 wanapanga pipi kwenye alama ambazo mkubwa ameziwekea tone la aisingi. Wa miaka 6 hadi 9 wanaweza kushika mfuko, mradi usijazwe zaidi ya nusu na ufungwe juu kwa mpira. Wakubwa wanachora vigae na fremu za madirisha.

Mapambo yanayofaa huku: lozi na korosho zilizogawanywa kama vigae, nazi iliyokaushwa badala ya theluji, vipande vya kashata ya karanga kwa njia ya mlangoni, pipi za rangi. Ubuyu wa rangi nyekundu unapendeza lakini rangi yake inavuja kwenye aisingi nyeupe, uwekeni kwenye bustani, mbali na ukuta. Ulizeni kwanza kama kuna mgeni asiyepatana na karanga.

Vigae vya paa vinaanzia CHINI kwenye upenu kwenda juu, kila mstari ukipanda juu ya ule wa chini. Na msilibebeshe paa pipi nzito kabla halijakaa siku nzima.

JikoLaMkaa

Madirisha ya rangi yanayopitisha mwanga yanafanywaje?

Kaskazini_SE

Pipi ngumu zinazopitisha mwanga, zisizo na maziwa. Zifunge kwenye kitambaa uzivunje kwa mti wa kusukumia ziwe chembechembe. Oka ukuta mpaka ubakize dakika 4 au 5, utoe, jaza tundu la dirisha kwa chembechembe hadi usawa wa biskuti, rudisha mpaka ziyeyuke na kutoa mapovu machache. Ukizipitisha hapo zinageuka kahawia. Usiguse ukuta mpaka upoe kabisa juu ya karatasi, ukiunyanyua mapema dirisha linavutika nyuzi nyuzi. Ule mkausho wa nyuzi 110 alioutaja Pwani_Jikoni ufanyike KABLA ya kujaza madirisha, kwa maana joto hilo linalegeza pipi.

Ndani weka taa ndogo za betri, na acha tundu ukutani kwa nyuma la kupitisha waya. Mshumaa hapana: unalainisha paa na unaweza kuwasha moto.

Kwa anayetaka kuona watoto wanaweza kufika wapi, Bergen, Norway, wanajenga mji mzima wa nyumba hizi kila mwaka tangu 1991, nyingi zikiwa kazi za shule na chekechea. Angalieni picha zake mtaona kuta zimepinda, aisingi imemwagika, na mji umependeza hivyohivyo.

MamaPacha

Swali la mwisho kutoka kwangu: sisimizi. Na inaliwa mpaka lini?

Pwani_Jikoni

Sisimizi dawa yake ni maji. Sinia pana lenye maji, katikati pindua bakuli zito, ubao wa nyumba ukae juu ya bakuli bila kugusa ukuta wowote wala pazia. Badilisha maji kila siku, vumbi likitanda juu yake linakuwa daraja. Usipulize dawa ya wadudu karibu na kitu kitakacholiwa.

Kula, kwa pwani ndani ya wiki moja. Baada ya hapo inabaki pambo.

Kaskazini_SE

Huku hewa kavu inairuhusu ikae zaidi. Desturi ya Uswidi ni kuivunja tarehe 13 Januari, siku mti wa Krismasi unapovuliwa mapambo, na watoto ndio wanaopewa kazi ya kuvunja. Iliyokuwa ngumu sana inachovywa kwenye chai au kahawa. Iliyopata vumbi au harufu ya ukungu inatupwa.

JikoLaMkaa

FundiTanuri, dohani uliitaja ukaiacha. Inakatwaje ikalie mteremko?

FundiTanuri

Kweli, mkuu. Kwa ile nyumba kubwa, vipande vinne vya unene wa milimita 5. Viwili vya ubavu: upana sm 3, ukingo mmoja kimo sm 2 na wa pili sm 5, chini pakatwe mshazari kuunganisha hizo mbili. Kwa kuwa paa ni nyuzi 45, tofauti ya kimo lazima ilingane na upana, sm 3 kwa sm 3. Cha upande wa chini wa mteremko: upana sm 3, kimo sm 5. Cha upande wa kileleni: upana sm 3, kimo sm 1.5, maana kinakaa nje ya vile vya ubavu na hapo paa limeshapanda nusu sentimita zaidi.

Viunge vinne pembeni mezani, vikauke, ndipo uibandike dohani ikiwa nzima. Uwazi utakaobaki kwa chini ujaze aisingi.